Upande wa Dirisha

Jumatatu, 2 Oktoba 1961

Shule imefunguliwa tena. Tangu bunduki za Septemba zinyamaze, leo ndiyo mara ya kwanza kengele kupigwa hapa Panda, kambi ya wafanyakazi wa shaba wa Katanga. Nilivaa tai. Hakuna mwalimu mwingine aliyevaa tai.

Wakati wa mapumziko Mupe Lambert, padri anayesimamia shule yetu, alituita sote ofisini. Akasema mwaka huu kila mwalimu awe mwanafunzi wa darasa lake mwenyewe. Achague jambo moja lisilokwenda sawa katika kufundisha kwake. Abadilishe kitu kimoja. Atazame kinachotokea, kisha Jumamosi ya wiki ijayo awasimulie wenzake. Anayechunguzwa si mtoto, alisema, ni mwalimu. Akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba mzee Evariste amestaafu na kurudi kwenye mashamba yake karibu na Mwadingusha, kwa hiyo nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi iko wazi. Na mkaguzi kutoka Elisabethville huenda akafika siku yoyote.

Nikaelewa mara moja. Nafasi ni yangu.

Mpinzani ni mmoja tu, Isidore wa darasa la tatu. Nimemzidi umri, nimemzidi miaka ya kazi, ananiita Yaya, yaani kaka mkubwa, kama mdogo wangu wa kuzaliwa, na watoto wanampenda kuliko mimi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba. Yeye mwenyewe amezaliwa hapa hapa. Leo aliuliza swali moja: je, tukigundua kwamba kosa ni letu, tufanye nini? Walimu wakacheka. Mupe hakucheka, alimtazama kwa furaha. Huo ndio ujanja wake Isidore, anauliza maswali ya unyenyekevu.

Jambo langu nimeshalichagua. Watoto wangu wa darasa la nne hawajibu. Kabla ya likizo walikuwa wakipigania kujibu. Sasa nikiuliza wanatazama miguu yao. Nilimweleza mke wangu Henriette wakati wa chakula. Akasema watoto wanaogopa, kwa sababu nyumbani wanawasikia baba zao wakinong'ona, na sokoni watu wanasema waziwazi kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Nikamwambia hiyo ni siasa, mimi nazungumzia ualimu. Akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimemchunguza Isidore. Si wivu, ni utafiti.

Niliwapa watoto wangu hesabu ndefu, nikazunguka nyuma ya jengo, nikapanda juu ya pipa la mchanga chini ya dirisha lake. Darasa lake lina kelele kama sokoni, lakini ni kelele ya kazi. Watoto wamekaa wawili wawili, kibao kimoja cha kuandikia kwa wawili, wanaulizana na kufutiana. Karibu na dirisha walikaa ndugu wawili wa Kasai. Nikasogea nione benchi la pili. Pipa likakubali upande mmoja na kukataa upande mwingine. Nikaangukia mtaroni, suruali ikachanika gotini.

Isidore akatokeza kichwa dirishani. Akauliza: "Yaya, unatafuta nini mule mu mutaro?" Nikasema nimeangusha kalamu. Akatoka nje, akapiga magoti na suruali yake safi, akaitafuta pamoja nami kalamu ambayo haikuwepo. Tulipoikosa akanipa yake. Ni mtu mwema, na wema wake unanichosha.

Lakini siri nimeipata. Ndugu na ndugu. Anawaketisha wa kabila moja pamoja! Ndiyo maana hawaogopi kusema, hakuna wa kuwacheka. Jambo rahisi kiasi hiki, na mimi nimefundisha miaka yote hii bila kuliona.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimefanya. Na nimefanya vizuri kuliko Isidore, kwa sababu mimi nina utaratibu.

Nilichora mstari wa chaki sakafuni, kutoka chini ya ubao hadi ukuta wa nyuma, umenyooka kabisa. Kisha nikamuuliza kila mtoto babu yake alitoka wapi. Wa Kasai, upande wa dirisha. Wa Katanga, upande wa ukuta. Wengine hawakujua. Mmoja alisema babu yake ametoka Panda. Nikamweleza kwamba hakuna mtu anayetoka Panda, Panda ni kazi tu, watu wanakuja wanafanya kazi. Akashikilia kwamba yeye ametoka Panda. Nikamweka upande wa dirisha kwa sababu ya jina la baba yake.

Binti yangu Martine na Delphine, binti wa Isidore, wamekaa benchi moja tangu darasa la kwanza. Delphine anasoma kuliko wote darasani, wangu akiwemo. Nilipomwonyesha upande wake, alisimama na mkoba kifuani, akauliza: "Maître, baba yangu alizaliwa hapa. Minye nitaikala wapi?" Nikamwambia dirishani, mwanga ni mzuri. Nilidhani atafurahi. Martine alikaa pembeni kabisa mwa benchi lao la zamani, akaiacha nafasi ya mwenzake wazi.

Matokeo: kabla ya saa sita upande wa dirisha ulianza kunong'ona. Nimeandika: uhai umerudi.

Jioni Martine hakula. Nimeandika: joto la Oktoba.

Jumamosi, 7 Oktoba

Isidore alikuja kunywa munkoyo, togwa yetu ya mahindi, kama kila Jumamosi. Henriette hupika munkoyo mzuri kuliko mama yangu, na Isidore hamalizi kikombe bila kusema hivyo. Leo hakusema. Alizungusha kikombe mkononi, kisha akaniomba kwa sauti ya chini: "Yaya, futa ile mustari. Haiko saa yake hii."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema familia mbili za safu yao zimeondoka na treni kwenda Elisabethville, kwenye kambi ya mahema ya wakimbizi, na wanaobaki hawataki kuhesabiwa. Nikamwambia hili nalo litapita. Nilimwambia kwa moyo wote, nilitaka lipite. Nikamuuliza kama na yeye anafikiria kuondoka. Akajibu baba yake amezikwa hapa, na Kasai hajaiona hata siku moja. Kule angeshuka kituoni na kumuuliza nani njia? Emérance, mkewe, anataka waondoke. Yeye amemwambia wakae, mradi hakuna anayewaonyesha kidole.

Alipokwenda Henriette alinigeukia. "Baba Martine, batoto si mihogo ya kugawa mafungu mafungu." Nikamjibu kwamba hajasomea ualimu. Akasema hilo analishukuru.

Nimefikiri sana usiku wa leo. Isidore anataka nifute mstari wiki moja kabla ya mkutano. Yeye njia yake ataiwasilisha, yangu ifutwe. Mtu akitaka cheo atatumia hata machozi. Mstari unabaki.

Jumatatu, 9 Oktoba

Siku kubwa. Wakaguzi wamekuja!

Vijana watatu, mashati meupe, mmoja na miwani myeusi, mmoja na mkoba wa ngozi kwapani. Wa tatu nilimtambua, Fidèle, niliyemfundisha zamani. Hakuwahi kujua kugawanya. Sasa ni mkaguzi, nikajisemea, ualimu wangu haukupotea bure. Alinisalimia kwa heshima zote: "Bonjour, Maître." Wakasema wamekuja kuangalia tu. Nikawapa viti.

Walikuwa wanatazama mstari. Nikawaeleza njia yangu tangu mwanzo: nani dirishani, nani ukutani, na kwa nini. Mwenye miwani akasema "Très bien", vizuri sana, mara nyingi. Akaomba upande wa dirisha wasimame. Wakasimama.

Hapo nikaona nafasi ya kuwapa somo lenyewe. Somo la mazingira, ninalolisifia kuliko yote. Kila mwaka nachora ubaoni ramani ya kambi: safu za nyumba, bomba la maji, kanisa, barabara ya kwenda Kamatanda. Mtoto anakuja na fimbo, anaonyesha nyumba yao, anasema safu ya ngapi na mlango wa ngapi. Nikawaita watoto wa dirishani mmoja mmoja. Sijapata kuwa na wasikilizaji kama wale. Mwenye mkoba alikuwa akiandika muda wote.

Ikafika zamu ya Delphine. Alishika fimbo, akaonyesha kanisa. Nikamwambia hapana, onyesha nyumba. Akaonyesha bomba la maji. Mtoto mwenye akili kuliko wote, anashindwa mbele ya wageni! Niliona aibu. Nikamwambia mimi mwenyewe nimekula katika nyumba hiyo Krismasi na Pasaka. Nikaichukua fimbo na kuonyesha: safu ya nyuma, mlango wa mwisho, penye mpapai.

Martine akasimama upande wa ukuta. "Hapana, Papa, haiko pale. Balihama." Tangu Ijumaa hajafungua kinywa darasani, na neno la kwanza ni uongo. Nikamwamuru aketi. Nimeandika hata hivyo: njia hii inawafanya hata wa ukutani waseme.

Walipoondoka Fidèle aliniomba chaki. Nikampa boksi zima jeupe, likiwa bado limefungwa. Akasema: "Merci, Maître, utatusaidia sana." Nimebaki na vipande vya njano vya kuchorea ramani. Si neno. Kwa mkaguzi, mtu anatoa.

Jumanne, 10 Oktoba

Si wakaguzi.

Mupe Lambert hakumtarajia mtu yeyote jana. Nilipomweleza sura zao alikaa kwenye kiti bila kukitazama, akaniuliza niliwaambia nini. Nikasema niliwapa somo. Akauliza somo gani. Nikamwambia.

Alfajiri hii milango ya kambi imeonekana na misalaba ya chaki nyeupe. Si yote. Ya watu wa Kasai tu, hakuna iliyorukwa, hakuna iliyokosewa. Ule mlango wa mwisho wa safu ya nyuma, penye mpapai, una msalaba mkubwa. Watu wa milango hiyo wameambiwa Alhamisi jua likichwa wasiwepo.

Henriette alikwenda kwa Emérance akarudi. Akasimama mlangoni, akaniuliza boksi la chaki liko wapi. Nikasema nimelitoa. Akauliza kwa nani. Nikasema kwa Fidèle. Hakupaza sauti. Alisema: "Ni weye ulibaonyesha," akaenda kukaa uani na mgongo wake kwangu.

Niliogopa. Niliona haya pia. Ninaandika hivi kwa sababu ni kweli. Halafu nikafikiri: hata hivyo walipaswa kujitambulisha. Mtu akija darasani na mkoba, mwalimu atajuaje?

Jumatano, 11 Oktoba

Nimepata mpango wa kuwaokoa wote.

Misalaba ikiwa kwenye milango michache, wenye milango hiyo wanajulikana. Ikiwa kwenye milango yote, hakuna anayejulikana. Jambo rahisi mno. Mchana, wanaume wakiwa kazini, nilichukua chaki na kuanza na mlango wangu, kisha wa jirani, kisha safu nzima. Nilichora kwa bidii hadi mkono ukauma. Niliona moyo wangu ukitulia kwa mara ya kwanza tangu jana.

Nilikuwa katikati ya safu ya tatu Adolphe, karani wa bohari, aliponishika kola. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamweleza mpango. Akanigeuza kwa mabega nitazame safu. Misalaba yao nyeupe, yangu ya njano. Mtoto mdogo angeweza kuitenganisha. Nyeupe yote nilimpa Fidèle.

Adolphe akaniletea ndoo na kitambaa. Nilifuta mlango mmoja baada ya mwingine, wanawake wakinisimamia na kunionyesha palipobaki. Nilipomaliza ya kwangu nikaenda kwa Isidore na ndoo ile ile nifute na wa kwake. Emérance alinizuia. Alisema niuache, wameshafunga mizigo, na waliouchora wakirudi wakikuta umefutwa watauliza nani kafuta. Nyuma yake niliona sufuria ndani ya shuka na picha ya harusi juu ya kitanda kitupu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Kituoni. Watu wengi kuliko nilivyojua kwamba wanaishi hapa. Magodoro, cherehani, kuku waliofungwa miguu. Askari walisimama bila kufanya kitu. Mvua ya kwanza ilianza, nyepesi, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kushika mwavuli.

Nilimtafuta Isidore hadi nikampata. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nikaanza: "Isidore, wale vijana wa Jumatatu..." Akasema Delphine ameshamweleza. Nikamrudishia kalamu yake. Akakunja vidole vyangu juu yake. "Ubaki nayo, Yaya. Minye kule siko na darasa."

Nikamuuliza kuhusu njia yake. Nilisema niliiona dirishani, ndugu na ndugu. Akasema hapana. Wale ndugu wawili wenzao hawakufika siku ile, ndiyo maana waliketi pamoja. Njia yake ilikuwa kinyume: mtoto wa Kasai na mtoto wa Katanga, kibao kimoja, ili kila mmoja amhitaji mwenzake apate jibu. Alikuwa amegundua kwamba yeye mwenyewe, bila kujua, aliwauliza zaidi watoto wa kwao. Hilo ndilo alilotaka kubadilisha. Alitaka kutusimulia Jumamosi.

Emérance hakunisalimia. Delphine alinisalimia, kwa sababu mimi ni mwalimu wake. Martine alishika mkono wa Delphine kupitia dirisha la behewa, na treni ilipoanza kusogea hakuuachia, akatembea nayo, kisha akakimbia. Henriette alimnyanyua mwishoni mwa jukwaa. Nililia. Watu waliniona na sikujali.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mkutano. Walimu tuliobaki tumeketi viti vya mbele, nyuma vitupu. Hakuna aliyekuwa tayari ila mimi. Nikasimama na kusoma: tatizo, mstari, matokeo. Nilieleza kwa uaminifu kwamba njia ilikatizwa na matukio ya nje ya shule.

Mupe alingoja hadi nikaketi. Kisha akauliza ndani yangu mwenyewe nilibadilisha nini. Nikajibu mabenchi. Akaniomba nikunje karatasi nimpe. Akaiweka kwenye saraka na kuifunga kwa ufunguo. Akasema, huku akitazama dirishani, kwamba hana mwingine. Nitafundisha la tatu na la nne pamoja, na nitakaimu nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi mpaka apatikane mtu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la mazishi.

Cheo nimekipata, basi. Nilidhani nitaimba njiani. Nilitembea polepole, nikapita penye mpapai, nyumba imefunguliwa na mtu ameshang'oa mlango. Henriette nilipomwambia alisema sawa. Munkoyo hakupika.

Jumatatu, 16 Oktoba

Darasa jipya. Nilivaa tai.

Nilikuta sakafu imeoshwa, mstari haupo. Mlinzi amesema Martine alikuja mapema na maji na brashi ya mama yake. Sikumgombeza. Lakini jambo la ajabu: mstari haupo, na watoto wote, wangu na wa Isidore, wamejibana upande wa ukuta, watatu watatu kwa benchi. Upande wa dirisha mtupu. Niliwaambia wasogee, nafasi ni tele. Hakuna aliyesogea.

Nikauliza swali la kusoma. Wakajibu! Wote kwa pamoja, kwa sauti moja, haraka, kama wanaogopa kuchelewa. Kila swali. Mikono juu kabla sijamaliza kusema. Sijapata darasa tiifu namna hii. Nimeandika: ukimya umekwisha, njia imethibitika, ingawa kwa kuchelewa. Mkaguzi wa kweli akija ataona.

Amebaki mmoja tu. Martine amehamia upande wa dirisha, peke yake, kwenye benchi la Delphine, kibao katikati kana kwamba mtu mwingine atakihitaji. Nilimwita kwa jina. Hakujibu. Nikarudia. Alinitazama, hakutazama miguu, alinitazama mimi, na hakujibu. Moyo wangu ulifanya kitu ambacho sitaki kukiandika.

Mupe anataka tuendelee na utafiti, kila mwalimu swali jipya. Langu limeshapatikana: kwa nini mtoto mmoja hajibu wakati wenzake wote wanajibu? Nimewaza tangu mchana. Nadhani ni dirisha. Mwanga unamchosha, na barabara ya kwenda kituoni inaonekana pale. Nitabadilisha kitu kimoja. Kesho nitachora mstari mwingine, mfupi tu, kumwonyesha pa kuketi pamoja na wenzake. Chaki ya njano bado ipo.